Kidonge Tulichokigawana

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naomba asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza mmeitikia kama watu walioamshwa usingizini, na mimi leo sitaki mtu asinzie.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Mama Mutheu. Nakaa kule kwenye mashamba ya skimu, yale ya kugawiwa na serikali, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka soko la Ukunda. Wazazi wangu walihamia huku Kwale kutoka Ukambani nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo udongo ninaoujua ni huu wa machungwa na mihogo. Kanisa hili nimeliingia likiwa la makuti. Kuta hizi nimezibebea mchanga kwa karai. Nasema hivyo ili nikianza kuwasema, msiseme huyu ametoka wapi.

Mchungaji amenishika mkono pale mlangoni asubuhi, akaniambia, "Mama Mutheu, shukuru tu, usilete maneno." Mchungaji wangu, nitashukuru. Mungu amenitendea mema na sitamnyima sifa zake. Lakini maneno yapo, nimekaa nayo mwaka mzima, na leo yatatoka. Na huyo anayekohoa huko mbele asijizibe na kitambaa, akohoe tu. Nitamfikia.

Ndugu zangu, nimepona kifua kikuu. Nimetibiwa mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwa kosa langu mwenyewe, na kosa hilo lilibarikiwa humu humu kanisani. Mume wangu Kioko hakupona. Ndiyo maana nimesimama hapa nikiwa na furaha kidogo na hasira nyingi, na sitaki mtu anifunike hasira yangu kwa pambio.

Niwarudishe nyuma. Mnaukumbuka mwaka wa vurugu za Likoni, tulipokuwa tukiogopa hata kuwasha taa kwa sababu sisi ni watu wa bara. Siku tatu tulilala kwa jirani yangu Bi Mwanasha, Mdigo, Mwislamu, mjane anayesuka makuti. Alituweka chumba cha ndani, akakaa mlangoni na makuti yake kama mtu asiye na habari. Wakija vijana kuuliza, anawajibu kwa Kidigo, wanaondoka. Bi Mwanasha mtamsikia tena.

Baada ya zile vurugu watalii waliacha kuja. Kule Diani hoteli moja inafunga, nyingine inabakiza walinzi na paka. Kioko wangu alikuwa mpishi msaidizi, na yeye ni mmoja wa wachache waliobakizwa. Kila asubuhi alikuwa akitoka nyumbani kama mtu anayetembea juu ya mayai. Hataki kuchelewa, hataki kuugua, hataki meneja akumbuke jina lake kwa ubaya. Kisha zikaja zile mvua kubwa zilizokata barabara, nyumba ikawa na unyevu mpaka kwenye magodoro. Kioko akaanza kukohoa. Tukasema ni baridi. Nikaanza mimi. Tukasema ni baridi.

Mimi ndiye niliyekonda haraka. Nguo zikawa zinanivaa badala ya mimi kuzivaa. Jioni joto, usiku jasho la kulowanisha shuka, asubuhi sina nguvu ya kuchota maji. Hapa kanisani mlinong'ona. Msikatae, nilikuwa na masikio. Mlisema ni ule ugonjwa mwingine, ule usiotajwa. Kwenye mkutano wa akina mama kikombe changu kikawekewa alama ya rangi nyekundu chini, kisiingiliane na vya wengine. Hakuna aliyeniambia. Niligundua nilipokuwa naviosha vyote mimi mwenyewe, kwa zamu yangu. Nikavisugua, nikavipanga, nikaenda nyumbani. Hilo la kikombe nimeshasamehe. Nataka tu mjue kwamba nilikiona.

Nilikwenda zahanati huko Ukunda. Wakanipa kikopo, nikaleta makohozi ya asubuhi, wakapima, wakasema ni kifua kikuu. Muuguzi wa pale anaitwa Sista Rehema, mwanamke mfupi asiyecheka na mtu. Akanieleza kwamba dawa ni ya miezi minane. Miezi miwili ya kwanza nije kila siku nimeze mbele yake, baada ya hapo nitakuwa nachukua za kumezea nyumbani. Akasema inapona kabisa, ila isikatishwe hata siku moja. Kisha akasema, "Walete wote mnaolala nyumba moja niwapime."

Mtoto wetu Mutheu nilimpeleka, alikuwa na miaka minne. Akapimwa, akaonekana mzima, sifa kwa Bwana. Kioko akakataa katakata. Hoteli huwa inataka cheti cha afya kwa watu wa jikoni, na mpishi anayekohoa hapati cheti. "Nikipimwa Ukunda leo," aliniambia, "kesho meneja ana habari, na kesho kutwa nakaa hapa nakutazama wewe ukichuma machungwa." Basi nikamwambia Sista kwamba mume wangu anafanya kazi Nairobi. Nilisema nikimtazama machoni. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na niliuona ni wa heshima. Huku pwani tunaita kumsitiri mtu. Mke mwema anamsitiri mumewe. Tumefundishwa hivyo na majirani zetu, tumefundishwa hivyo humu kanisani, na nasema leo kwamba kuna kusitiri kunakomfunika mtu mpaka akakosa hewa.

Miezi miwili nilitembea kwenda na kurudi, mvua au jua. Nikapimwa tena, makohozi yakawa safi. Nikaanza kunenepa. Sauti ikarudi, nikaimba tena humu, mkanipigia makofi. Nikapewa dawa za kumezea nyumbani.

Na nyumbani Kioko alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta.

Aliniona nikinenepa. Jioni moja tumekaa tunakula, sahani moja kama tulivyozoea tangu tuoane, akaweka tonge chini akasema, "Mama Mutheu, katika maisha yetu umewahi kula kitu ukaninyima?" Nikasema hapana. "Basi mbona hizo dawa unameza peke yako?"

Ndugu zangu, mwanamke wa Kikamba aliyelelewa kwa kugawana, unamjibuje mume maneno hayo? Nilisubiri Jumapili, nikaja hapa. Baada ya ibada nikamfuata mzee mmoja wa kanisa hili. Simtaji jina. Nikamwambia yote, kwa mara ya kwanza nikamweleza mtu kwamba Kioko ni mgonjwa. Nikamuuliza nifanye nini. Nilitumaini ataniambia, mpeleke hospitali hata kwa kumburuta. Nilitaka mtu mmoja tu mwenye sauti kubwa kuliko yangu amwambie Kioko maneno hayo.

Mzee akafikiri. Akaweka mkono begani pangu akasema, "Binti yangu, ninyi si mwili mmoja? Bwana aliyebariki mikate mitano na samaki wawili ikashibisha umati, atashindwa na kidonge? Kigawe kwa imani." Akaniombea. Nikatoka hapa nimetulia moyo kabisa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilitulia.

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi nilikuwa natoa sahani ya bati, naweka vidonge, nakata kwa wembe katikati. Vingine vilivunjika vibaya, ule unga nikaukomba kwa kidole nikampa Kioko, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa zaidi. Tunafumba macho, tunaviombea, tunameza. Wiki za kwanza kikohozi chake kilipungua. Tukamshukuru Mungu kwa muujiza. Kioko akaanza hata kunitania, akasema mimi ndiye daktari wake wa wembe. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa na raha ndani ya nyumba yangu, huku ninamuua mume wangu kwa upendo na kujiua mwenyewe pamoja naye.

Mwezi wa tano wa dawa nikapeleka kikopo kama kawaida. Sista Rehema akatoka na karatasi, akaisoma mara mbili. Makohozi yangu yamerudi kuwa na wadudu. Akaniuliza, "Umeruka dawa?" Nikasema sijaruka hata siku moja. Na ilikuwa kweli, sikuruka. Akaniuliza, "Umemeza zote?" Nikasema zote. Akaikunja ile karatasi. Akasema tunaanza upya, miezi minane mingine, na safari hii miezi miwili ya mwanzo kuna sindano kila siku. Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Nikaanza upya. Kila siku zahanati, kila siku sindano, leo upande huu kesho upande ule, mpaka sikuweza kukaa kwenye mabenchi haya yenu. Mlidhani nasimama nyuma kwa unyenyekevu. Na kwa kuwa nilikuwa nameza mbele ya Sista, Kioko hakuwa anapata chake. Akaanza kushuka haraka. Akawa anakohoa chumba cha nyuma cha jiko hotelini, akinawa, akirudi kukata vitunguu. Wakati huo nilikuwa sifikirii wale waliokuwa wakila vile vitunguu wala wapishi wenzake. Leo nawafikiria.

Akaniomba neno moja. Akasema, "Viweke chini ya ulimi, ukitoka nje vitoe, uniletee."

Nikakubali.

Asubuhi ile nilikunywa maji, nikameza mate, nikageuka kuondoka. Sista Rehema akasema, "Mama Mutheu, rudi. Fungua mdomo." Nikafungua. "Inua ulimi."

Sikuuinua. Nikasimama pale mdomo wazi kama mtoto, machozi yanatoka, vidonge vinayeyuka, uchungu wake unashuka kooni. Watu kwenye foleni wananitazama. Akafunga mlango, akanikalisha. Nikatema kila kitu, vidonge na uongo wote. Wembe, sahani, Nairobi, hoteli, mzee wa kanisa. Nikadhani atanionea huruma.

Alikasirika, ndugu zangu. Aligonga meza mpaka sindano zikaruka kwenye trei. Akasema, "Nusu dozi haiwaui hao wadudu, inawafundisha. Umewafundisha wako, umewafundisha wa mumeo, na sasa wanajua dawa yangu." Kisha akauliza, "Ni nani aliyekwambia kidonge ni mkate?" Jibu nimekuja kulitoa hapa leo.

Jioni hiyo hiyo akapanda pikipiki na afisa wa afya wakaja mpaka kwangu. Kioko alipoiona ile pikipiki inaingia kwenye mihogo alijua. Hakukimbia. Alikaa, akasikiliza, akaitikia kila neno, akakubali kwamba asubuhi ataenda kupimwa. Alikuwa na adabu sana mume wangu. Wageni walipoondoka hakunipiga wala hakunitukana. Akasema tu, "Umenivua nguo mbele za watu." Kulipopambazuka mkoba wake haukuwapo.

Na wewe mzee, ulikuja nyumbani siku ya tatu. Hukuja kuuliza Kioko yuko wapi. Ulikuja kuniambia kwamba nimemwaibisha kichwa cha nyumba yangu, na kwamba imani yangu ilikuwa haba ndiyo sababu dawa haikutosha. Nilikupikia chai. Nilimpikia chai, ndugu zangu, nikamwongezea sukari.

Kioko alikuwa ameenda Mombasa, kwa binamu yake huko Changamwe. Mji mkubwa, hakuna anayekujua. Haya niliyajua baadaye. Alikwenda kliniki ya kule, akapimwa, akakutwa na ugonjwa, akaanzishwa dawa, dawa kamili safari hii, za kumeza mbele ya mtu. Mlango wa kupona ulikuwa wazi mbele yake. Lakini aliogopa hoteli isije ikapata habari, akajiandikisha kwa jina la Peter, ambalo si lake, na nyumba aliyoitaja haikuwapo. Akameza wiki tatu. Akapata nguvu, kikohozi kikatulia. Akapata kibarua cha kukaanga samaki kando ya barabara. Akaacha kwenda.

Aliletwa nyumbani siku ya Jumanne, binamu yake amembeba kama gunia la makapi. Bi Mwanasha ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, akamshika kichwa, akamwosha uso. Tukampeleka hospitali, akalazwa. Alikaa siku nane. Siku ya sita alinivuta karibu. Akaniambia kwamba kule Changamwe mtu wa kliniki alikuwa anamtafuta, anauliza nyumba hadi nyumba. "Nilimwona," akasema. "Alikuja mpaka uani petu. Nikajifungia chooni mpaka akaondoka." Halafu akasema, "Ningetoka tu."

Ningetoka tu. Maneno hayo ndiyo aliyoniachia mume wangu, na nyumba, na mtoto.

Tulimzika Jumamosi. Mlikuja wote, mkaimba vizuri. Mkasoma tangazo kwamba ndugu yetu ametwaliwa baada ya kuugua kwa muda mfupi. Muda mfupi! Alikohoa zaidi ya mwaka. Alikohoa kwenye benchi hilo, la tatu kutoka dirishani. Kila mmoja wenu alimsikia na kila mmoja wenu akageuza shingo kwa heshima. Nilitaka kusimama pale kaburini nikatae hilo tangazo, lakini Bi Mwanasha alikuwa amenishika mkono na akanibana vidole. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.

Wiki iliyofuata nilivuka feri kwenda kuchukua nguo zake. Niko kwa binamu, nakunja mashati, nikasikia hodi uani. Akaingia mwanamume mmoja mnyonge hivi, viatu vimeliwa upande, kadi mkononi. Akasalimu, akasema anamtafuta Peter, mtu mwembamba, ana kovu la mafuta ya moto mkono wa kulia. Alisema ni mara yake ya nne kuja mtaa ule. Nikatazama lile kovu lilivyoandikwa kwenye kadi. Lilikuwa kovu nililolipaka asali mimi, mwaka tuliooana.

Nikamwambia, "Kaka, pumzika. Tumemzika Jumamosi."

Aliketi kizingitini. Akaniuliza jina lake la kweli, nikamwambia. Akatoa kalamu, akakata Peter, akaandika Kioko, taratibu, kwa mwandiko mzuri. Akaniuliza kama mimi nimeanza dawa, akamuuliza binamu nani wengine walilala chumba kile, akawaandika wote, akaniomba nimsaidie kuwashawishi. Mtu hata hatujuani, mji mzima una watu wa kumtafutia, na alimtafuta mume wangu mara nne kwa jina la mtu asiyekuwapo. Sisi tulikuwa na jina lake la kweli, na nyumba yake tunaijua, na benchi lake tunalijua. Ni nani kati yetu aliyemtafuta hata mara moja?

Hapo ndipo nilipookoka, ndugu zangu. Nilikuwa nimebatizwa zamani, hiyo mnajua. Lakini siku ile kwenye kizingiti cha Changamwe nilimwambia Mungu kwamba sitasitiri tena ugonjwa wa mtu yeyote, nikiwa hai.

Nilirudi nikamalizia dawa zangu. Zilipofika zile za kumezea nyumbani, Sista Rehema hakuniamini, na alikuwa na haki. Akasema achaguliwe mtu wa kunitazama kila siku. Nikafikiri nimchague nani humu. Nilipitisha nyuso zenu moja moja. Nikamchagua Bi Mwanasha.

Miezi sita yule mama alikuja mlangoni kwangu kila asubuhi. "Hodi, Mama Mutheu." "Karibu, Bi Mwanasha, shikamoo." "Marahaba, mwanangu. Haya, kinywa." Nameza. "Inua ulimi." Nainua. "Alhamdulillahi," anasema, anachora mstari kwenye karatasi, anarudi kwenye makuti yake. Dawa zile ukizimeza na tumbo tupu zinakuzungusha, kwa hiyo alikuwa ananiletea na uji. Mwezi wa Ramadhani nikamwambia asije, amefunga, asijisumbue na uji wa mtu mwingine. Akaniuliza, "Wewe na ugonjwa wako mmefunga?" Akaja siku zote thelathini. Asubuhi moja uji ulikuwa na chumvi mahali pa sukari, kwa maana asingeweza kuonja. Niliunywa wote, mpaka chini. Ilikuwa meza ya Bwana kwangu, na mtakaonishtaki kwa hilo mnishtaki.

Mwezi uliopita Sista Rehema alinipa karatasi ya mwisho. Safi. Akanipa mkono, na nawaambia kweli, alitabasamu. Mutheu mzima. Mimi mzima. Namshukuru Mungu aliye hai, aliyenitoa shimoni mara mbili. Namshukuru kwa Sista anayekasirika. Namshukuru kwa mtu yule wa Changamwe. Namshukuru kwa jirani yangu, ambaye leo yuko hapo nje kwenye kivuli cha ukuta na Mutheu, wananisubiri, kwa sababu hakuna aliyemkaribisha ndani.

Sasa nawaalika, kama ilivyo desturi. Siwaaliki mje mbele kuombewa. Ombeni mkiwa mmekaa, Mungu anasikia. Nawaalika mkohoe kwa sauti. Anayekohoa wiki ya tatu aseme. Mwenye mume anayekohoa aseme, atukanwe, lakini aseme. Mumwamini Mungu kwa moyo wote, na kidonge mkimeze kizima. Yeye aliugawa mkate. Dawa hakusema tuigawe.

Na nimalizie na wewe, mzee wangu. Nimesema simtaji mtu na sitamtaja, lakini umekaa mahali pale pale ulipokaa siku uliponishika bega. Nimekusikia tangu Pasaka. Leo kwenye wimbo wa pili umekohoa mpaka mkeo akakushika mgongo. Koti hilo lilikuwa linakubana mwaka jana, leo linakuning'inia. Nakujua unavyofanya, unakohoa kwenye kitambaa halafu unakitazama kabla hujakikunja. Kioko alikuwa akifanya hivyo.

Sijakusamehe. Nimejaribu, nimefunga na kuomba, bado. Siku itakapokuja nitakwambia. Lakini sitakungojea mpaka nikusamehe, maana hao wadudu hawangoji.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitapiga hodi kwako. Usijifungie chooni, nitakaa uani mpaka utoke, nina mazoea ya kungoja. Nitakuja na uji. Tutatembea pamoja mpaka zahanati, polepole, tukipumzika utakapochoka, na utamwambia Sista Rehema jina lako la kweli. Na siku watakapokuruhusu kumezea nyumbani, nitakuja kila siku, miezi yote. Sitakuja na wembe. Utameza chako chote.

Halafu utafungua mdomo, utainua ulimi, na mimi nitatazama.